Tangazo Lina Muziki, Muziki Hauna Jina: Namna ya Kumtafuta Mwenye Kazi

Mtu wa Pwani anayehamia Ruring'u, mtaa ulio kando ya mji wa Nyeri penye ule uwanja wa michezo, huchukua muda kuizoea baridi, na muda mrefu zaidi kuizoea redio. Dukani, kwa kinyozi, ndani ya matatu, stesheni ni Inooro au Kameme na lugha ni Kikuyu. Maneno ya matangazo hayamfikii. Kinachomfikia ni muziki: sekunde ishirini za kinanda cha kuvuta, chuma kikigongwa kwa nyuma, kisha sauti ya mtu anayenadi chakula cha ng'ombe au mbolea. Siku ya tatu anajikuta aupiga mluzi. Siku ya kumi ataka kujua: ni nani huyu anayepiga?

Swali hilo ni jepesi kuuliza na gumu kujibu. Wimbo wenye maneno una pa kuushika. Ukikumbuka kipande cha ubeti, wakiandika kwenye simu, na mara nyingi jina la mwimbaji laja. Muziki wa ala tupu hauna ubeti. Tena ukiwa ndani ya tangazo, hakuna mtangazaji wa kusema "hicho kilikuwa kibao cha fulani". Limetajwa jina la bidhaa, bei, na mahali pa kununua. Aliyepiga ala hakutajwa.

Makala haya yaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kumtafuta mtu huyo. Tutachukua mfano wa Ruring'u, lakini jambo lenyewe ni letu pia. Chakacha, zumari na udi wa kwetu husikika katika matangazo ya hoteli, mabenki na utalii, na wanaosikiliza Nyeri au Kisumu hawajui ni nani aliyepiga. Ajuaye kutafuta ajua pia nini hupotea pale jina linapokosekana.

Kwanza, jua umesikia muziki wa aina gani

Kabla ya kutafuta jina, jiulize muziki ule uliingiaje katika tangazo. Kuna njia tano, na kila njia ina mlango wake.

Njia ya kwanza ni muziki uliotungwa kwa ajili ya tangazo lenyewe. Kampuni humlipa mtunzi, naye huenda studio akapiga sekunde thelathini, basi. Muziki huo haukuwahi kutoka katika santuri wala kaseti. Ukiutafuta madukani hutaupata mpaka kesho, kwa kuwa haupo kamili popote.

Njia ya pili ni muziki wa ghala. Kuna makampuni yanayorekodi maelfu ya vipande vya muziki na kuviweka tayari, ili yeyote mwenye filamu au tangazo achague, alipe na atumie. Kazi hii ni kongwe. Kampuni ya De Wolfe ya London ilianza mwaka 1909, enzi za filamu zisizo na sauti. Leo maghala hayo yako kwenye intaneti, na kipande kimoja chaweza kusikika katika tangazo la sabuni Nairobi na la bima Ulaya wiki hiyo hiyo. Ukisikia ngoma za Afrika Magharibi au marimba za kusini zikitangaza kitu cha Kenya, aghalabu hapo ni ghala. Mtengenezaji alitafuta neno "Afrika", akachukua kilichotokea.

Njia ya tatu ni rekodi iliyokwisha kutolewa, ya mwanamuziki anayejulikana, ambayo kampuni imeiombea idhini. Hii ndiyo rahisi kuipata.

Njia ya nne ni sauti ya jadi iliyopigwa upya. Mwombeaji wake ni mgumu kumjua, kwa sababu kuna watu wawili wa kutafuta: jamii yenye sauti ile, na fundi aliyeipiga siku ile studioni.

Njia ya tano ni mpya: muziki uliotengenezwa na kompyuta. Tangu mwaka 2023 na 2024 programu kama Suno na Udio hutoa muziki mzima kwa maagizo ya maandishi tu. Mwezi Juni 2024 makampuni makubwa ya santuri ya Marekani yalizishtaki zote mbili kwa madai ya kuzifunza kwa rekodi zao bila ruhusa. Ukikutana na muziki wa namna hii, waweza kutafuta mpigaji mwaka mzima na usimpate, kwani hakuna aliyeketi akapiga.

Simu yajua nini, na haijui nini

Watu wengi huanzia kwenye simu, na si vibaya. Ila ni vyema kujua mashine ile hufanya nini.

Shazam ilianza Uingereza mwaka 2002. Wakati huo mtu alipiga simu namba 2580, akaielekeza simu kwenye muziki, kisha akapata jina kwa ujumbe mfupi. Mwaka 2018 Apple iliinunua. Kazi yake ndani ni kama ya kuchukua alama za vidole. Huzisikiliza sauti, huchagua zile zilizo kali kupita nyingine katika kila nukta ya wakati, hupima umbali kati yake, kisha hulinganisha alama hizo na zilizo katika ghala yake.

Hapo yatoka mambo mawili ya kukumbuka. Jambo la kwanza: mashine hutambua rekodi, haitambui wimbo. Mpigaji yule yule akiupiga wimbo ule ule siku ya pili, alama za vidole ni nyingine. Jambo la pili: hutambua kile kilichowekwa ghalani tu. Kaseti iliyouzwa Karatina miaka ya themanini na isiyofika kwenye intaneti, kwa mashine ni kama haikuzaliwa.

Tangazo nalo huongeza shida, kwani sauti ya mnadi hukaa juu ya muziki na kuufunika. Kwa hiyo rekodi mwanzo na mwisho wa tangazo, pale ambapo mnadi hajaanza au amenyamaza. Rekodi mara kadhaa, siku tofauti. Ikiwezekana pata tangazo kutoka ukurasa wa kampuni mtandaoni badala ya redio ya matatu, maana huko sauti ni safi.

Ukishindwa na Shazam, kuna njia ya kuguna. Tangu Oktoba 2020 Google yakubali mtu agune au apige mluzi kwa sekunde kumi hivi, nayo ikatafuta wimbo unaofanana. SoundHound hufanya vivyo hivyo. Njia hii haitafuti alama za rekodi, yafuata kupanda na kushuka kwa sauti. Yafaa kwa wimbo maarufu. Kwa kinanda cha mlima Kenya au kwa zumari ya Kilifi, mara nyingi huleta wimbo wa mbali usiohusiana.

Tega sikio Pwani nako

Kuna hila moja ambayo mtu wa Pwani aliye Nyeri anayo na wengine hawana. Kampuni kubwa ikitangaza bidhaa nchi nzima, tangazo hurekodiwa kwa lugha kadhaa, na mara nyingi muziki wa chini hubaki ule ule. Royal Media, wenye Inooro FM ya Kikuyu, ndio wenye Bahari FM inayosikika kwetu kwa Kiswahili. Basi mpigie simu ndugu yako aliye Mombasa au Malindi, mwambie asikilize tangazo la bidhaa ile. Akikwambia kuwa huko nako muziki ni ule ule, umepata jibu la kwanza: muziki haukupigwa kwa ajili ya Wakikuyu. Waweza kuwa wa ghala au wa mtunzi wa Nairobi. Akikwambia kuwa Pwani tangazo lina chakacha na Nyeri lina kinanda, basi kuna mtu alikaa akachagua sauti kwa kila upande, na kinanda kile kiliwekwa kwa makusudi.

Hapo ndipo yapasa kuinuka na kuuliza watu.

Wenyeji wa Ruring'u watakwambia nini

Kinanda cha kuvuta na chuma kikigongwa, kwa mtu wa Nyeri, ni mwomboko. Ni dansi ya Wakikuyu ya wakati wa ukoloni, ya mwanamume na mwanamke wakiwa wameshikana, hatua mbili kisha kukunja magoti. Ilichanganya hatua za dansi za Kizungu na miondoko ya wenyewe. Ala zake ni akodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Wazee wameicheza, na vikundi vya ngoma huicheza hadi leo katika sherehe za kitaifa. Mtengenezaji wa tangazo huipenda kwa sababu humgusa mkulima mwenye umri, ambaye ndiye mnunuzi.

Kwetu hili si geni kama lionekanavyo. Akodiani imo katika taarabu ya Unguja na ya Mombasa kwa miaka mingi. Tena ile desturi ya kuchukua ala na mwendo wa Mzungu na kuvigeuza kuwa ngoma ya Mwafrika, mwanzo wake unaojulikana zaidi uko Pwani. Beni ilizuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na Mombasa ikawa na ushindani wa Kingi na Skochi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawachukua askari na wapagazi, nao wakaieneza bara yote. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Kwa hiyo Mpwani anayesimama Ruring'u akauliza habari za kinanda hana haja ya kujiona mgeni.

Lakini uliza kwa namna inayoeleweka. Neno "kinanda" lenyewe limetembea mno. Kwetu zamani lilikuwa jina la ala ya nyuzi, kanisani ni ala ya kubonyeza, na Wakikuyu nao wamelichukua kwa ala zao za muziki na hata kwa mashine ya santuri. Ukiuliza "ni nani mpiga kinanda huyu?" waweza kuonyeshwa mpiga gitaa. Njia bora ni kuicheza rekodi uliyochukua, mbele ya mzee aliyewahi kucheza ngoma hizo, na kumuuliza mambo matatu kwa utaratibu. Hii ni ngoma gani? Sauti hii ina wimbo wake wenye maneno? Na kwa upigaji huu, ni mtu wa upande gani: Nyeri, Murang'a au Kiambu?

Swali la pili ndilo lenye ufunguo. Ala nyingi tuzisikiazo bila maneno kwenye matangazo ni nyimbo zilizovuliwa maneno. Mzee akishakuimbia ubeti mmoja, ule muziki usiokuwa na pa kushika sasa una pa kushika. Utauandika, utautafuta, utamuuliza mwingine. Wapigaji wenyewe nao ni msaada mkubwa, kwani wapiga akodiani si wengi na hutambuana kwa mikono yao, kama mashabiki wa taarabu Mombasa wanavyoutambua udi wa marehemu Zein l'Abdin kabla hajafungua kinywa.

Fuata karatasi

Mazungumzo yakikupa aina na jina la sauti lakini si jina la mpigaji, rudi kwenye tangazo lenyewe. Kila tangazo lina nyayo zake za karatasi.

Andika mambo manne kabla hujasahau: stesheni, tarehe, saa, na bidhaa. Bila hayo stesheni haiwezi kukusaidia. Kwa hayo, idara ya matangazo yaweza kujua tangazo lililetwa na nani. Stesheni yenyewe kwa kawaida haijui muziki ni wa nani, ila yajua wakala aliyelileta. Wakala ndiye aliyechagua muziki au aliyeiajiri studio. Studio ndiyo inayojua ni nani aliyeketi mbele ya maikrofoni.

Ukiandika barua kwa wakala au kwa kampuni yenye bidhaa, andika kwa adabu na kwa ufupi. Sema wewe ni msikilizaji, umeupenda muziki katika tangazo fulani la tarehe fulani, waomba jina la mtunzi na la mpigaji. Usianze na habari za sheria. Wengi hujibu vizuri wanaposifiwa, na hunyamaza wanapohisi wanashtakiwa.

Hatua inayofuata ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, iliyoundwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kazi zilizosajiliwa kwake zina jina la mwenyewe. Viko pia vyama vinavyokusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi, wapigaji na wenye rekodi. Kati ya hivyo, MCSK, KAMP na PRISK ndiyo majina yaliyosikika sana. Leseni za vyama hivi zimekuwa na mivutano na mabadiliko, kwa hiyo uliza KECOBO kwanza ni chama gani kina leseni mwaka huu kabla hujaenda kubisha hodi.

Mahali kazi za zamani zilipohifadhiwa

Ikiwa muziki ni wa rekodi ya kale, kuna hazina za kupekua. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, imefanya kazi ya miaka ya kurudi nyuma na kukusanya historia ya muziki wa Kenya, na mwaka 2010 ilitoa kazi maalumu juu ya muziki wa Wakikuyu. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alipita Kenya miaka ya 1950 na 1952, na rekodi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Miaka ya karibuni baadhi ya rekodi hizo zimerudishwa Kenya, zikachezwa mbele ya jamii zilizorekodiwa.

Tena kuna hazina za familia. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Murang'a aliyefariki mwaka 2018, alikuwa miongoni mwa wanamuziki wakubwa wa Kikuyu. Mjukuu wake, anayeitwa jina hilo hilo na ajulikanaye kwa jina la KMRU, ni mwanamuziki wa sauti za kielektroniki aliyehamia Berlin. Amejitwika kazi ya kuzisafisha rekodi za babu yake na kuzitoa upya mtandaoni zikiwa na majina. Kila kibao anachokiweka huko chatambulika na mashine na na mtu. Kabla hajakiweka, kilikuwa katika santuri zinazochakaa.

Mfano wa nje waonyesha kuwa karatasi za zamani hushinda mashine mpya. Kuna wimbo mmoja uliorekodiwa kutoka redio ya Ujerumani miaka ya themanini na kuwekwa mtandaoni mwaka 2007, ukiulizwa ni wa nani. Maelfu ya watu walitafuta, na programu zote zikashindwa. Novemba 2024 jibu likapatikana: ni wimbo wa kikundi cha FEX cha mji wa Kiel. Aliyefumbua fumbo alipekua habari za vikundi vya mitaani katika magazeti ya wakati ule, kisha akawatafuta wenyewe. Wimbo ule ulikuwa na maneno, na bado ulichukua miaka kumi na saba. Ala tupu zataka subira zaidi.

Kwa nini kujisumbua?

Msomaji aweza kuuliza: yote haya kwa sekunde ishirini za tangazo la chakula cha ng'ombe? Jibu liko katika historia ya muziki usio na maneno.

Mwaka 1956 vijana wa Afrika Kusini wapiga filimbi za bati, Elias Lerole na wenzake, walirekodi kibao kiitwacho "Tom Hark". Mwaka 1958 televisheni ya Uingereza ilikitumia kama muziki wa kufungulia mchezo mmoja, watazamaji wakauliza ni nini kile, na kibao kikapanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Tazama vizuri: kilichokifanya kipande kile kipate soko ni watu kuuliza. Lakini jina la mtunzi lililoandikwa lilikuwa la msimamizi wa studio, Rupert Bopape. Waliovuma ni vijana, na aliyeandikwa ni mwingine. Muziki wa ala huibwa jina kwa urahisi kwa sababu hauna sauti ya mtu ya kushuhudia.

Hata sauti ya mtu nayo haitoshi. "Malaika" ulivuma kwa Fadhili William, mwana wa Taita, na hadi leo wako wanaosema mtunzi ni mwingine, wengine wakimtaja Adam Salim. Linganisha na "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Mombasa. Wajerumani wa Boney M waliuimba upya mwaka 1983, hoteli zote za Pwani huupigia watalii, na bado kila mtu ajua kuwa mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison. Jina liliandikwa mapema, likabaki.

Nyuma ya jina kuna fedha. Mwanamuziki wa Kikuyu John Boniface Maina, ajulikanaye kama JB Maina, aliishtaki Safaricom katika Mahakama Kuu ya Nairobi akidai nyimbo zake zimetumiwa kwenye huduma za simu bila idhini yake. Mwaka 2013 mahakama ilitoa uamuzi katika hatua ya awali, na baadaye pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Aliweza kudai kwa sababu nyimbo zilikuwa na jina lake. Mpiga akodiani asiyejulikana angeanza vipi?

Sheria ya Kenya haimwachi mtupu. Muziki uliotungwa hulindwa katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi hulindwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Mtunzi ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, hata kama ameuza matumizi ya kazi yake. Kwa sauti za jadi kuna sheria nyingine, ile ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi ya mwaka 2016. Sheria hiyo yataka idhini ya jamii kabla sanaa yake haijatumiwa kibiashara, na yazipa serikali za kaunti kazi ya kuweka daftari la sanaa hizo. Katiba yenyewe, kifungu cha 11, yalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zalipwa pale utamaduni wao unapotumiwa.

Basi mwomboko una mahali pake katika daftari la Nyeri. Na chakacha, vugo, sengenya na gonda zina mahali pake katika madaftari ya Mombasa, Lamu, Kwale na Kilifi. Viongozi wa kaunti zetu na waulizwe: daftari liko wapi, na limeandikwa nini?

Tufanye nini sisi

Mambo machache yako mikononi mwetu, hayangoji serikali.

Mwenye kikundi cha ngoma au cha taarabu, kila mkirekodi, andikeni majina ya wapigaji wote, tarehe na mahali, mkaweke nakala nje ya studio. Simu hupotea na studio hufungwa. Anayeitwa kupiga kwa ajili ya tangazo na aombe karatasi, hata kama ni ukurasa mmoja: kapiga nini, kwa nani, litatumika muda gani, kalipwa kiasi gani. Mkisambaza muziki mtandaoni, jazeni jina la mtunzi na la kila mpigaji, msiridhike na jina la kikundi tu. Mashine zitatambua tu kile mlichokiandika.

Wazee wetu wajuao bashraf za zamani, zile ala tupu zinazofungulia taarabu, waketishwe na kurekodiwa wakitaja jina la kila moja na walikojifunza. Vikundi kama Ikhwani Safaa cha Unguja, kilichoanzishwa mwaka 1905, vimedumu kwa kupokezana vitu hivyo mkono kwa mkono. Mikono mingine haina wa kuipokea.

Na sisi wasikilizaji, tuulize. Tukipenda muziki wa tangazo, tuandike kwa kampuni na kuomba jina. Barua moja haifanyi kitu. Barua ishirini humfanya wakala wa matangazo aandike jina kando ya faili siku nyingine, kwa kuwa ajua litaulizwa.

Kwa yule aliye Ruring'u na kinanda kinachomzunguka kichwani, kazi ya leo ni nyepesi: chukua kalamu uandike stesheni, tarehe, saa na bidhaa, kisha urekodi kile kipande cha mwisho, pale mnadi anaponyamaza na chuma kubaki peke yake. Kesho mpelekee mzee wa jirani, umwamkue, umwombe akusikilizie. Ukibahatika ataimba maneno yake.